Jina la Kalekye Likisomwa

Iko siku moja ambayo imekataa kunitoka akilini, mwanangu, na kama ningeweza kuifuta ningeifuta zamani. Ni siku niliyopika sufuria mbili kubwa za pilau kwa watu karibu arobaini, na hakuna hata mmoja wao aliyeonja. Kwa kuwa siku hiyo haifutiki, heri nikupe wewe, huenda ikakufaa kuliko ilivyonifaa mimi.

Wiki iliyopita niliona mabati yako yakishushwa kutoka kwenye lori pale juu ya kanisa. Nilifurahi. Nikasema, mtoto wa Mbithe anarudi nyumbani. Halafu nikamwona fundi uliyemtuma kutoka Nairobi akipima boma la mama yako kwa kamba, hamjui mtu wala hamsalimu mtu, na Jumanne nikamwona yule mlinzi wako wa saruji amekuja kwenye mwethya na jembe jipya, bado lina karatasi ya dukani. Nikarudi nyumbani nikakaa mpaka chai ikapoa. Ndiyo sababu nakuandikia. Macho yangu si ya kuandika tena, kwa hiyo ukiona mistari inapanda mlima, vumilia.

Labda huko ulikokaa umesahau mwethya ni nini. Ulikuwa mdogo ulipoondoka, na wenye kusoma sana husahau haraka. Ni sisi majirani wa mlima huu kukusanyika kila Jumanne na kwenda kwa mmoja wetu kuchimba mitaro ya kuzuia udongo usibebwe na mvua. Leo kwako, Jumanne nyingine kwangu, hadi mlima wote unazungukwa. Mwenye shamba hupika, watu hula kwake, siku inaisha. Asubuhi kabla ya kuanza, majina husomwa kutoka kwenye daftari, na kila mtu huitika lake. Basi. Kwa maneno ni kitu kidogo.

Mimi niliondoka hapa Migwani kabla sijaota ndevu, Uhuru ukiwa bado mbichi. Nilikwenda Mombasa nikaosha vyombo kwenye hoteli moja ya ufukweni, kisha nikaruhusiwa kumenya vitunguu, kisha nikawa mpishi. Nilipika miaka kumi na minane. Wageni waliokuwa wakila chakula changu walituma salamu jikoni, na mimi nilikuwa nikitoka na kofia yangu nyeupe kuinamisha kichwa. Siwezi kukudanganya, nililewa sifa zile. Hata leo mtu akinisifia chakula huwa natafuta kofia.

Mama yangu, Kalekye, alibaki hapa peke yake. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto wake pekee aliyeishi. Nilimtumia mablanketi, nikamtumia redio, nikamtumia miwani ambayo baadaye nilisikia aliivaa kanisani tu ili watu waione. Krismasi nyingine nilikuja, siku mbili, ya tatu nikasema nimeitwa kazini. Alikufa wakati wa kiangazi. Habari zilinifikia zimechelewa, na nilipofika, udongo wa kaburi lake ulikuwa umeshakauka juu. Majirani walikuwa wamefanya kila kitu. Jumapili nilisimama mbele ya kanisa na koti langu nikawashukuru wote kwa pamoja, kisha nikapanda basi nikarudi pwani. Nilidhani nimeshukuru.

Miaka miwili baadaye hoteli ikabadilisha wenyewe, nami nikawa nimechoshwa na moshi. Nikamwambia mke wangu Rhoda kwamba sasa tunarudi kwetu. Rhoda ni mtu wa Nunguni, kule Makueni juu, kwenye baridi na ukungu, na tangu tuoane alikuwa ameiona Kitui yetu hii mara mbili tu, zote mbili wakati wa jua. Tukakubaliana yeye na wasichana wetu wawili wabaki Mombasa kwanza, mimi nije nijenge, nyumba ikiwa tayari niwaite.

Nikajenga. Nilikuja na fundi wangu kutoka Mombasa kwa sababu niliwaona mafundi wa huku kuwa ni watu wa kubandika udongo. Vyumba vitatu, sakafu ya simiti, tangi la maji kwenye kona, baraza pana mbele. Nikanunua viti sita vya baraza huko soko la Kabati, nikavipanga viwili viwili, nikakaa kwenye kimoja nikingoja watu waje kunikaribisha nyumbani.

Hawakuja.

Usifikiri walinichukia. Watu walipita njiani na kunisalimu, nami niliitika, wakauliza kama nimeamka vizuri, nikasema vizuri, wakaenda zao. Kanisani walinishika mkono. Mchungaji alinitaja kwenye maombi, akasema Mungu amemrejesha ndugu yetu. Lakini hakuna aliyekunja kona kuingia kwangu. Mchana wa huku kwetu ni mrefu, mwanangu, utakuja kuujua. Jua likisimama katikati, hata kuku hunyamaza. Nilikuwa nafungua redio ya mama si kwa kutaka habari, bali nisikie mtu akizungumza ndani ya nyumba. Nilikuwa nachemsha chai ya watu watatu na kunywa yangu, na ile nyingine naimwaga kwenye mti wa mpapai. Mpapai ule ulinenepa sana.

Mombasa nilikuwa mtu wa kwenda, mgeni kati ya wageni, na upweke wa huko niliuelewa. Huu wa hapa sikuuelewa. Nilikuwa nimekaa juu ya udongo niliozaliwa, nasikia lugha yangu ikipita nje ya ua, na nilikuwa mpweke kuliko siku yoyote niliyowahi kulala kwenye chumba cha watumishi kule hotelini. Nililia mara moja, mchana kweupe, nikiwa nachambua mchele. Nakuambia hili kwa sababu wanaume hawaambiani.

Kisha ikaja barua ya Rhoda. Alisema shule zinakaribia kufungwa na wasichana wanauliza lini. Halafu akaandika maneno haya, na niliyasoma hadi nikayashika kwa moyo: "Baba Ndunge, nyumba nimeielewa. Niambie sasa majirani ni akina nani. Nikipatwa na shida wewe umeenda Kabati, nitamwita nani? Niandikie majina, halafu nitafunga mizigo."

Nikachukua kalamu siku ile ile. Nilitaka kumwandikia majina matatu tu, ya watu watatu ambao walikuwa wamekunywa chai kwangu. Nikaandika "Mpenzi Rhoda, majirani ni", na hapo nikakwama. Nilikaa na karatasi ile hadi kivuli cha tangi kikafika mlangoni. Sikuweza kuandika hata jina moja bila kusema uongo, na Rhoda ukimdanganya anajua hata kwa barua. Nikaikunja, nikaiweka ndani ya Biblia ya mama.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo, kwa sababu hapo ndipo kosa langu lilipo.

Mwezi wa kwanza baada ya kurudi, alikuja mama mmoja mzee akasimama langoni. Aliitwa Syombua. Ndiye aliyeshika daftari la mwethya, mwembamba, mrefu, sauti yake ya chini hata ulazimike kuinama. Nilimwita mwaitu, kama tunavyowaita mama zetu, nikamwambia aingie. Alisema hapana, ana haraka. Akasema Jumanne wako kwa Munyoki, jirani yangu wa upande wa mto, na kwamba mahali pa mama yangu bado pako wazi.

Nami nikajibu, kwa roho safi kabisa, "Sawa, mwaitu. Nitatuma mtu."

Alinitazama kidogo. Akasema sawa, akaenda.

Nilikuwa na mtu wa mkono aliyeitwa Kilonzo, mtu mzima mwenye watoto wake, niliyemwajiri kunichungia mbuzi na kunikatia kuni. Alikuwa na nguvu za kutisha. Nikampa jembe, Jumanne akaenda, jioni akarudi. Nikamwuliza wamesema nini. Akasema wamesema asante. Nikafurahi. Kila Jumanne Kilonzo akaenda, na mimi nikabaki kwenye baraza nikisikia nyimbo zao zikitoka ng'ambo ya bonde, na moyoni nikijisifu kwamba nimewapa watu hawa mchimbaji ambaye anafanya kazi ya watatu. Mimi mikono yangu ilikuwa ya jikoni. Nilijiambia ningewachelewesha tu.

Msimu mzima ulipita hivyo. Halafu zamu ikafika kwangu.

Siku tatu sikulala vizuri kwa furaha. Nikasema, leo ndiyo leo, leo viti vyangu vitakaliwa. Nilikwenda Kabati nikanunua mchele mzuri. Nikachinja mbuzi wawili. Nilikuwa na viungo nilivyokuja navyo kutoka pwani, nimevifungia kwenye mkebe wa kahawa, iliki na mdalasini na bizari nzima, navyo niliviamsha polepole kwenye mafuta kama nilivyofundishwa. Nilivaa hata kofia yangu nyeupe. Cheka tu, nami nacheka sasa. Harufu ilishuka bonde lote hadi mtoni.

Niliwasikia wakija na wimbo. Walipofika kwenye ua wangu wa waya, wimbo ukaisha. Waliingia kimya, wakanisalimu vizuri, mmoja mmoja. Syombua akafungua daftari mbele ya nyumba yangu mpya. Alipofika kwa mama yangu akasoma, "Kalekye," na Kilonzo, aliyekuwa amesimama kando yangu, akaitika, "Niko." Nilishtuka. Sikujua kama bado wanasoma jina lake, wala sikujua kama ni Kilonzo aliyekuwa akiitika jina la mama yangu wiki zote zile.

Wakachimba. Walichimba vizuri, nisiwaseme vibaya. Waliinyoosha mitaro sawasawa, udongo wakautupa upande wa juu kama inavyotakiwa, hakuna aliyelegea. Lakini hakuna aliyeimba. Unasikia tu majembe na mtu akikohoa. Mwethya bila wimbo mimi sikuwahi kuuona tangu utoto wangu.

Mchana ukafika. Nikatoa sahani, nikafunua sufuria, nikasimama na kijiko kikubwa. Na watu wale wakaenda kukaa kando ya ua, chini ya mti mmoja wa miiba wenye kivuli kidogo, wakafungua vitambaa vyao. Kila mtu alikuwa amebeba chakula chake. Muthokoi wa jana, yale mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, viazi vitamu, uji kwenye vibuyu. Wakala hapo, umbali wa hatua ishirini kutoka kwenye pilau yangu, wakiongea kwa sauti ndogo.

Mwanangu, huku kwetu wakati ule kulikuwa na kazi moja tu ambayo mtu aliiendea na chakula chake. Ilikuwa kazi ya barabara ya chifu. Ukienda kutengeneza barabara hungoji barabara ikupikie.

Nilisimama pale na kijiko hadi mkono ukauma. Kisha nikamwendea Syombua. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na kitu kibaya zaidi, nilikuwa naogopa. Nikamwuliza wamenikosea heshima kwa sababu gani, kama chakula changu kina sumu, kama nyumba yangu imemwudhi mtu. Alimaliza kutafuna. Akajisogeza kwenye jiwe, nikakaa.

"Hakuna mtu ametukana chakula chako," akasema. "Na hakuna mtu amewaambia hawa wabebe. Kila mtu alibeba kutoka kwake bila kuuliza mwenzake. Hata mimi nilishangaa kuona."

Ukitengwa kwa shauri la watu, unaweza kulipinga. Lakini watu arobaini walikuwa wameamka, kila mmoja kwake, akafunga chakula chake, kwa sababu kila mmoja peke yake aliona kwangu si kwa mtu wa kula naye.

Syombua akaendelea, sauti ile ile ya chini. "Wewe ulitutumia mikono. Leo tumekuletea mikono. Tumechimba vizuri, au tumechimba vibaya?"

Nikasema wamechimba vizuri.

"Basi. Mama yako miaka yake ya mwisho hakuweza kushika jembe. Vidole vilikuwa vimekunjika hivi. Lakini hakukosa Jumanne. Alikuwa anakuja na fimbo, anakaa na watoto wetu wachanga kwenye kivuli, sisi tunachimba. Yeye alikosa mikono akatuletea Kalekye. Wewe una mikono, na Kalekye hatujamwona."

Akaonyesha kwa kidevu upande wa chini wa shamba, kule kwenye mitaro ya zamani ambayo nyasi zilikuwa zimeshaishikilia vizuri, ile niliyoikuta niliporudi. Sikuwahi kujiuliza nani aliichimba. Nilikuwa nimeiona kama unavyoona mlima, kitu kilichokuwepo. Akasema ule mkubwa wa tatu waliuchimba wiki moja baada ya mazishi ya mama. Jina lake lilikuwa limefika zamu, na hawakuona sababu ya kuliruka.

Alasiri walimaliza, wakaniaga vizuri, wakaondoka. Walipofika ng'ambo ya bonde nikasikia wimbo umeanza tena.

Nilibaki na sufuria mbili. Kilonzo alikula sahani moja kwa aibu, akiangalia pembeni. Mimi nilijaribu tonge moja likakataa kushuka. Ilikuwa pilau nzuri, labda nzuri kuliko zote nilizowahi kupika, na hakukuwa na mtu wa kuniambia. Viti sita vilikuwa vimepangwa barazani. Nilikaa kwenye kimoja nikavitazama vitano, na nikaelewa kwamba nilikuwa nimerudi kutoka Mombasa na vitu vyangu vyote isipokuwa mimi mwenyewe. Asubuhi yake pilau ilikuwa imechacha. Niliibeba mwenyewe hadi kwenye shimo la taka.

Jumanne iliyofuata zamu ilikuwa ya mama yako.

Mbithe alikuwa bado kama msichana, mjane wa miezi michache, wewe ukiwa mgongoni. Shamba lake ni lile lile unalojengea sasa, lile lenye mteremko mkali. Asubuhi nilimwambia Kilonzo abaki na mbuzi. Nikaingia kwenye ghala la mama nikatafuta jembe lake. Mpini ulikuwa mfupi, umelainika mahali pawili, pale alipokuwa akiushika. Vidole vyangu havikutosha vizuri kwenye zile nafasi. Nikaenda nalo hivyo hivyo.

Nilifika mapema, nikasimama nyuma ya watu. Hakuna aliyenikaribisha na hakuna aliyenishangaa. Syombua akafungua daftari akasoma majina, moja baada ya jingine, na mimi moyo ulikuwa ukienda mbio utafikiri nangojea hukumu. Akafika.

"Kalekye."

Nilitaka kusema niko, nikachelewa. Akarudia, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari, "Kalekye."

"Nimekuja, mwaitu," nikasema.

Akapiga alama yake, akaendelea na jina lililofuata.

Usitarajie nikuambie kwamba watu walinikumbatia. Nilichimba vibaya sana. Kabla ya saa nne viganja vyangu vilikuwa vimetoka malengelenge, na nilikuwa natupa udongo upande wa chini, kwa hiyo ulikuwa unashuka mtoni wenyewe bila kungoja mvua. Munyoki, ambaye tulikuwa tumepakana miezi yote ile, aliweka sururu yake chini, akalichukua jembe mkononi mwangu bila neno, akatupa mara tatu upande wa juu nione, akanirudishia. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu ya kwanza. Wimbo ulipoanza sikuwa nakumbuka maneno. Nilifungua mdomo tu nisionekane nimenuna.

Mchana tukakaa kwenye mstari, na mama yako akatoka na kibuyu kikubwa cha uji wa mtama. Kibuyu kilikuwa kimoja, kinapita mdomo hadi mdomo. Nilikiona kinakuja, mtu kwa mtu, na nilijiandaa kwa moyo wangu wote kwamba kitaniruka. Sikuwa nimebeba chakula. Nilikuwa nimekusudia kutobeba. Kama kingeniruka, ningekaa na njaa mbele ya watu wote, na nadhani kesho yake ningefunga nyumba nikarudi pwani, na Rhoda asingeiona Kitui tena maishani.

Mama yako alisimama mbele yangu. Wewe ulikuwa mgongoni umelala, mdomo wazi.

"Kunywa, mwana wa Kalekye," akasema. "Leo umechacha kidogo."

Nilikunywa. Nilikunywa nikiangalia chini kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu ya macho yangu, na mtu wa pembeni akaniambia niwaachie wengine. Watu wakacheka. Hicho kicheko kidogo, mwanangu, nilirudi nacho nyumbani. Nilikaa barazani nikafunua Biblia ya mama nikatoa ile karatasi. Nikaandika, "Mpenzi Rhoda, majirani ni Mbithe." Jina moja. Nikaituma hivyo hivyo.

Rhoda alikuja kwa jina hilo moja. Aliniambia baadaye kwamba kama ningemwandikia majina kumi asingeamini. Wasichana wakashuka kutoka kwenye basi wakilalamika vumbi, na mtu wa kwanza kuingia kwangu na kukalia kile kiti cha pili alikuwa mama yako, na mzigo wa kuni mgongoni. Wengine walichukua muda wao. Munyoki alingoja mvua mbili zipite ndipo akaingia kunywa chai, na wako wengine wawili ambao hawakuingia kamwe hadi tukawazika. Nimelikubali hilo. Miaka kumi na minane si kitu unachokirudisha kwa msimu mmoja wa jembe.

Mwaka uliofuata zamu yangu iliporudi, nilipika muthokoi kama watu. Niliogopa kutajwa kuwa mtu wa kujionyesha. Nilipika vibaya, mahindi yakabaki magumu, kwa maana hotelini hatukuwahi kuupika. Walikuja na wimbo, na wimbo ukavuka ua ukaingia. Hawakubeba chochote. Wakala, wakatafuna, wakatazamana. Syombua akaweka sahani chini.

"Sasa ile ingine iko wapi?" akauliza. "Sisi tumeivumilia harufu yake mwaka mzima."

Basi ikabidi nipike pilau jioni ile ile, na hakuna aliyekwenda nyumbani mpaka ilipoisha. Kofia sikuivaa. Watu ndio waliouliza iko wapi.

Sasa nakuja kwako, na kwa leo.

Syombua ameshatuacha. Munyoki ameshatuacha. Rhoda wangu, unajua, yuko pale karibu na mama, na wasichana wako kwa waume zao mbali. Viti vyangu vya baraza vimebaki vitatu, na siku nyingi nakalia kimoja kama zamani. Daftari sasa limekuja kwangu, maana ndimi mzee niliyebaki mwenye kusoma bila kukosea. Jumanne nasoma majina mengi ambayo hayaitikiwi. Wenye majina wako kaburini na watoto wao wako Nairobi, Mombasa, Thika. Naacha kimya kidogo baada ya kila moja, halafu nasoma linalofuata. Lile la mama yangu mimi mwenyewe nalisoma na mimi mwenyewe naliitika, na vijana wanacheka.

Jumanne iliyopita nilisoma, "Mbithe," na yule mlinzi wako wa saruji akaitika, "Niko." Niliinua kichwa. Ni mtu mzuri, sina neno naye, alichimba kuliko wote. Lakini mama yako ndiye aliyenipa uji siku ambayo kama nisingepewa ningekuwa nimepotea, na jina lake lilitoka kwenye mdomo wa mtu ambaye hajui hata kaburi lake liko upande gani wa boma. Nikapiga alama kwenye daftari.

Nasaha yangu ni hii, na siitii sukari. Usitangulize mabati, tangulia wewe. Nyumba itangoja, hata isipoezekwa msimu huu haitakufa. Usimtume mtu mahali ambapo unaitwa kwa jina, hata kama anaweza kazi kuliko wewe, hata kama mikono yako ni ya ofisi na utachimba upande usiofaa wote wakucheke. Waache wakucheke. Ukifika, usiwashukuru watu kwa pamoja ukiwa umesimama mbele ya kanisa kama nilivyofanya. Uliza mtaro fulani ulichimbwa na nani, mama yako alioshwa na nani siku yake ya mwisho, kisha nenda kwa huyo mtu, ukae, ule atakachokupa. Na upweke utakapokupata, maana utakupata hata ukifanya yote haya sawasawa, usiukimbie kurudi ulikotoka. Njoo kwangu. Mimi huchemsha chai ya watu watatu mpaka leo, na mpapai wangu umeshiba.

Mungu wa mama zetu akushike njiani. Akupe miguu ya kurudi, na mvua ikukute umefika. Akupe malengelenge ya viganja na watu wa kuyacheka. Shamba la Mbithe likujue, na wewe ulijue.

Jumanne ijayo tuko kwa mjukuu wa Munyoki, chini kule mtoni. Nitasoma majina taratibu. Nikifika kwa mama yako nitanyamaza, na nitalirudia mara ya pili kama lilivyorudiwa langu, nikiwa nimeinamia daftari nisione ni nani anayeshuka njia, hadi nisikie sauti.